Tumaini Ambalo Jirani Ameliona

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Mstari huu tumezoea kuusikia kwenye semina za uinjilisti, tukihimizwa kutoka kwenda kuhubiri. Usomeni tena taratibu. Petro anasema na mtu aliyeulizwa. Jirani amemtazama siku nyingi, ameona kitu asichokielewa, ndipo akauliza.

Waliopokea waraka huu walikuwa wametawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, wageni katika miji ya watu, wakisingiziwa kuwa watenda mabaya. Petro anawataka wawe na mwenendo mzuri kati ya Mataifa, na wakiulizwa, wawe na la kujibu.

Naiona Dodoma yetu humo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mitaa imejaa wageni kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na kwingineko. Mtu amepanga chumba Nkuhungu, ndugu zake wote wako mbali. Akilazwa hospitali, nani atampelekea uji? Akijifungua, nani atamchemshia maji? Mpendwa, ukiwa wewe ndiye uliyebisha hodi, atakuuliza tu kwa nini umejisumbua.

Kuna dada tunayesali naye, anauza karanga sokoni. Mnajua habari za visado: kuna vinavyosukumwa kitako kikaingia ndani, mteja anaona kimejaa kumbe amepunjwa. Dada huyu, kabla ya kupima, humgeuzia mteja kisado akione hadi chini, ndipo anajaza na kuongezea kiganja kimoja juu. Mama mmoja Mwislamu, mteja wake wa siku nyingi, akamwuliza: "Mwanangu, wewe faida unaipata wapi?" Akamjibu, "Mama, ninapata ya kunitosha. Yesu amenitendea mengi, siwezi kukuibia karanga." Akamfungia mfuko wake, akamhudumia anayefuata. Mama yule bado ni Mwislamu na bado ni mteja. Ila siku mwanawe alipougua, alikuja pale kwenye meza ya karanga kuomba aombewe.

Sipingi mikutano ya hadhara. Wapo kati yetu waliookoka wakiwa wamesimama pembeni mwa mkutano, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Ninachokiogopa ni ile mihadhara ya kubishana dini, ya kumkamata mwenzio kwa maneno hadi akose jibu. Hapo upole uko wapi? Sisi na Waislamu tunazikana, tunachangiana harusi, watoto wetu wanakaa dawati moja. Mtu uliyemwaibisha mbele za watu hatakuuliza tena habari za tumaini lako.

Hata Injili ilivyoenea huku kwetu inatufundisha. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani. Lakini kulifikisha Neno ndani ya vijiji vya Ugogo kulihitaji walimu Waafrika, watu waliokaa na wanakijiji, wakajulikana shida zao na tabia zao. Wengi wao majina yao hatuyajui.

Sasa, kuwa tayari ni kuwa na maneno. Wengi wetu tukiulizwa tunakimbilia lugha ya kanisani: "nimeoshwa kwa damu", "nimevunjiwa minyororo". Ni kweli tupu, lakini aliyeuliza hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Mwambie kwa lugha ya nyumbani ulikuwaje, Yesu alikukuta wapi, leo unamtegemea kwa lipi. Kama ni bibi anayesikia Kigogo vizuri zaidi, mwambie kwa Kigogo. Na kama hujui jibu la swali lake, mwambie utakwenda kuuliza, halafu urudi kweli.

Jumatano kwenye maombi, kila mmoja aje na jina la jirani mmoja aliyehamia mtaani kwake mwaka huu. Tutawaombea kwa majina, kisha tupange nani atamtembelea nani kabla ya Jumapili. Mkiwa nyumbani someni 1 Petro 2:11 hadi 3:17.