Chupa Mbili kwenye Friza la Jirani

Ami yangu ni fundi mwashi, na neno "mstaafu" halitaki kulisikia. Ncha za vidole vyake zimeliwa na chokaa mpaka simu yake ya mkononi haimtambui akiigusa. Nusu ya nyumba za mawe hapa Lamu, mitaa ya Langoni na Mkomani, amezitia mkono, ama kubadilisha boriti za mikoko zilizooza, ama kupiga chokaa upya. Baada ya Alasiri ukimkuta barazani na kahawa chungu, usitegemee kuondoka haraka.

Siku ya nne ya likizo yangu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi tangu niondoke: "Mwanangu, huko kwenye theluji zege mwamwaga vipi? Maji hayagandi kabla simiti haijashika?"

Nikamwambia yanaganda, Ami, na mimi nimelipia somo hilo mara mbili.

Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Niliponunua nyumba, kitu cha kwanza kilichonikera kilikuwa ile sakafu ya zege inayotoka barabarani mpaka gereji. Huku Lamu haina hata jina, maana punda hahitaji gereji. Ilikuwa imepasuka, imeinuka upande mmoja, na mvua ikinyesha maji yanakimbilia ukutani kwa nyumba. Nikaita mafundi watatu, nikachagua wa bei ya chini. Tofauti ilikuwa dola 1,800 na nikajiona mjanja.

Alikuja mwishoni mwa Oktoba na vijana watatu. Lori la zege lilipofika, mchanganyiko ulikuwa mzito, unasukumwa kwa koleo kwa shida. Akamwashiria dereva, mpira wa maji ukafunguliwa, na baada ya dakika chache zege likawa kama uji wa kumpa mgonjwa. Likatambaa lenyewe mpaka kwenye kona. Mimi niko dirishani na kikombe cha chai, nafurahi kazi inavyokwenda mbio. Kisha wakapanda juu na miko ya chuma, maji bado yanametameta usoni, wakalisugua mpaka likang'aa kama sahani. Jioni wakaondoka. Hawakulifunika na kitu, na usiku ule kipimajoto kilishuka chini ya sifuri.

Desemba barafu ikatanda, na mimi kama majirani wote nikanunua mfuko wa chumvi nikamwaga.

"Chumvi?" Ami akaweka kikombe chini. "Juu ya zege?"

Kwa mtu wa Lamu hilo ni sawa na kusikia mtu anamwagia mchwa boriti zake. Sisi chumvi tunaikimbia. Fundi akitumia mchanga wa pwani bila kuuosha, baada ya miaka michache nondo zinavimba kwa kutu na sakafu inadondoka vipande. Kule chumvi inamwagwa kwa malori usiku kucha ili barafu iyeyuke, na hata usipomwaga wewe, gari lako linaileta nyumbani chini ya tumbo lake na kuidondosha tone kwa tone.

Aprili theluji ilipoondoka, uso wa zege langu ulikuwa unabambuka kama magamba ya changu. Ukipita na ufagio unakusanya mchanga na kokoto. Yule fundi simu hakupokea. Dhamana tulipeana kwa mdomo, na nikaja kujua kwamba dhamana ya mdomo kule ni mdomo tu.

Ami hakunihurumia. "Maji mengi ni uvivu wa fundi," akasema. "Hapa na huko." Ni kweli. Simiti inahitaji maji kidogo tu ili ishike. Yanayozidi yanabaki ndani, na yakitoka yanaacha vinjia vyembamba ambavyo mvua inavitumia kurudi. Kule kwenye baridi, zege la nje hupimwa hivi: kwa kila kilo 100 za simiti, maji yasipite kilo 45. Yale yanayopanda juu baada ya kumwaga yaachwe yaondoke yenyewe. Ukiyasugua ndani kwa mwiko unatengeneza ngozi dhaifu juu ya mwili mzima, na ngozi hiyo ndiyo inayobambuka.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuuliza, si kwa tangazo. Mzee wa wazazi wa Norway, maneno machache. Alipofika hakutoa futi kamba. Aliomba kikombe cha maji, akapiga goti karibu na mlango wa gereji, akayamwaga taratibu, akatazama yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye msingi wa nyumba. Akasimama, akapangusa goti, akasema shida yangu ya kwanza si zege, ni mteremko na udongo ulioko chini yake. Pale pale nilijua nimepata mtu, kwa sababu ndivyo Ami anavyoanza kutazama nyumba: hakuulizi ukuta, anakuuliza maji ya dari yanatokea wapi.

Nilipomweleza Ami kuhusu hewa, hapo ndipo tulipogombana.

Zege la nchi za baridi hutiwa dawa kiwandani, matone machache tu, ambayo huzalisha viputo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hewa inakuwa kama asilimia 6 ya zege lote. Ami akakataa kata kata. Maisha yake yote anashindilia zege kwa fimbo kutoa hewa, leo nimwambie wazungu wanaitia kwa makusudi na wanailipia! Nikamwambia yale mapovu makubwa anayoyatoa yeye ni ubovu kweli, hata kule wanayatoa. Haya ni mengine. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Yakiwa yamejaa ndani ya zege hayana pa kwenda, yanapasua. Viputo ni vyumba vidogo vya akiba. Barafu inasukuma maji humo, zege linabaki zima. Na majira ya baridi si kuganda mara moja. Mchana jua linayeyusha, usiku inaganda tena, wiki baada ya wiki.

"Sikubali," akasema.

Basi nikachukua chupa mbili za sosi, za kioo, zenye vifuniko vya kuzungusha. Moja nikaijaza maji mpaka mdomoni, nyingine nikaacha nafasi ya vidole vitatu. Tukazitia kwenye mfuko wa plastiki, tukampelekea jirani anayeuza barafu za ukwaju kwa watoto wa madrasa, tukamwomba aziweke kwenye friza lake mpaka asubuhi. Alitutazama kama watu waliopigwa jua.

Tukarudi barazani, nami nikaendelea na mkataba wa yule mzee, kwa sababu hilo ndilo ninalotaka wenzangu walioko Minneapolis, Toronto, Oslo walisikie. Ulikuwa kurasa mbili. Udongo wa zamani uondolewe, kokoto inchi 6 zimwagwe na kushindiliwa. Zege inchi 5, nguvu yake pauni 4,500 kwa inchi ya mraba, hewa kati ya asilimia 5 na 8. Maji yasiongezwe kwenye lori zaidi ya yaliyoandikwa kwenye risiti ya kiwanda, na risiti nipewe mimi. Uso upigwe ufagio, si mwiko wa chuma. Mistari ikatwe kila futi 10, kina robo ya unene, ili zege likitaka kupasuka, na litataka, lipasuke humo. Lifunikwe. Nani atapiga simu 811 ili watu wa gesi na umeme waje kuweka alama kabla ya kuchimba: yeye. Nani atachukua kibali cha mji: yeye. Malipo kwa awamu, na awamu ya mwisho baada ya kuona kazi.

Kuna jambo lililonishangaza. Sheria ya Minnesota inampa muuza zege, au kibarua aliyefanya kazi, haki ya kuweka dai juu ya nyumba yako asipolipwa, hata kama wewe umeshamlipa mwanakandarasi kila senti. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela ya mwisho unadai karatasi iliyosainiwa na kiwanda kwamba kimelipwa na hakina dai. Yule wa kwanza ningemwomba karatasi hiyo angeniona nimemtukana. Huyu alikuwa nayo kwenye gari. Leseni nayo ina ujanja wake: zinatazamika kwenye tovuti ya Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, lakini fundi anayefanya kazi ya aina moja tu, zege peke yake kwa mfano, kwa kawaida hadaiwi leseni ile. Usimwite tapeli kwa kutomkuta kwenye orodha. Mwombe cheti cha bima, na uipigie simu kampuni iliyokitoa.

Yule mzee akanikataza chumvi baridi ya kwanza yote. Mchanga tu. Na zile dawa za barafu zilizotengenezwa kwa mbolea ya amonia akasema nisizinunue kamwe, zinalitafuna zege lenyewe. Baadaye akapaka dawa inayozuia maji kuingia huku ikiruhusu mvuke utoke. Hapo Ami alinyanyua kichwa. Miaka yote anagombana na watu wanaopiga lipu ya simiti juu ya kuta za matumbawe na chokaa: unyevu unafungiwa ndani, ukuta unaoza nyuma ya lipu nzuri. "Kumbe na wao wajua ukuta wapumua," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kumsifu mtu ambaye si marehemu.

Hiyo ni nyumba. Biashara ni habari nyingine, maana biashara haingoji Mei. Rafiki yangu wa Malindi ana duka la nyama halali na vyakula St. Paul, mji pacha wa Minneapolis. Alitaka mteremko wa mlango wa nyuma, wa viti vya magurudumu na matoroli, uwe tayari kabla ya Ramadhani, na kibali kikatoka Novemba. Mteremko wenyewe una sheria: kila inchi moja ya kupanda, inchi 12 za urefu. Ardhi ilikuwa imeshaganda. Huwezi kumwaga zege juu ya udongo ulioganda. Ukiyeyuka unadidimia na zege linabaki likining'inia. Wakalaza mipira yenye maji ya moto ardhini, wakaifunika blanketi nene, siku kadhaa, mpaka udongo ukalainika. Kisha hema, na kipasha joto. Rafiki yangu akataka kuleta kipasha joto chake cha gesi kuokoa pesa. Mwanakandarasi akakataa: moshi wake ukibaki ndani ya hema unaufanya uso wa zege kuwa vumbi, na unaua watu pia. Wakaweka cha kutolea moshi nje. Zege lililetwa limechanganywa na maji moto na dawa ya kuharakisha isiyo na kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa sababu ndani mlikuwa na nondo. Wakajaza na silinda ndogo za zege lile lile, zikapelekwa maabara kuvunjwa ili kupima nguvu, nyingine siku ya 7, nyingine ya 28. Yote hayo yana bei. Ukipewa makadirio ya kazi ya Novemba na hayataji blanketi wala joto, mwenye bei hiyo hajasahau. Atakuletea bili baadaye.

Nguzo za kibaraza cha mlango ule zilichimbiwa inchi 42, futi tatu na nusu, kwa sababu baridi inashuka ardhini kiasi hicho. Kaskazini, kama Duluth, ni inchi 60. Msingi ukiwa mfupi, maji ya udongoni yanaganda chini yake na kuunyanyua, ndivyo ngazi za watu zinavyoachana na mlango. Ami akatazama chini ya baraza. "Futi tatu na nusu hapa, washapata maji," akasema. Akataka kujua kama ninaweza kumpigia picha yule mzee akifanya kazi. Nikamwambia Januari na Februari hana kazi nyingi, ndiyo miezi mizuri ya kumwita aje kutazama na kuandika bei. Mei hapokei simu ya mtu.

Asubuhi baada ya swala tukaenda kwa jirani. Chupa iliyojaa ilikuwa imepasuka kutoka shingoni mpaka chini, barafu imesimama peke yake na umbo la chupa. Nyingine nzima. Ami akaishika juani, akaigeuza, akatazama ile nafasi iliyokuwa juu, sasa barafu imeichukua kidogo na kuacha kidogo. Akakaa nayo muda mrefu.

"Hiyo dawa ya hewa," akaniuliza hatimaye, "wazungu huitia kwanza, au baada ya maji?"

Sikupata kumjibu. Mwenye friza alikuwa ameinama ndani, anatuonyesha kwamba mfuko wetu ulitoboka na vipande vya kioo vimeingia kwenye trei yake ya barafu za ukwaju, zote za siku hiyo. Ami akaniashiria kwa chupa.

"Mwana, zungumza na huyu. Ndiye mwenye dola."