Chaki ya bluu ilinisaidia kuzuia ugonjwa wa tumbo usienee nyumbani

Mwanangu wa mwisho alipoanza kutapika na kuharisha, washauri walikuwa wengi kuliko wauguzaji. Aliyeniudhi zaidi ni yule aliyesema tupake sanitaiza tu, mambo ya maji na sabuni ni kujichosha. Daktari alikuwa ameshatuambia huenda ni norovirusi. Virusi hivi havina ganda la mafuta kama lile la virusi vya mafua au vya korona, ambalo spiriti iliyo kwenye sanitaiza huliharibu kwa urahisi. Sanitaiza haiviwezi vizuri. Vinataka sabuni, maji yanayotiririka na kusugua kwa sekunde 20 hivi.

Kazi ikawa kuwashawishi wakubwa zake, maana kitu kisichoonekana hawakiogopi. Nikasaga chaki ya bluu, nikaichanganya na mafuta kidogo, nikampaka binti yangu viganjani na kumwambia aendelee na shughuli zake. Haikupita muda bluu ikawa kwenye kitasa cha mlango, kwenye swichi ya taa, kwenye rimoti, hadi kwenye mkono wa kikombe cha mdogo wake. Nikamwambia anawe. Kwa maji matupu, hakuna kilichotoka. Kwa sabuni, viganja vilitakata upesi, lakini bluu ikabaki pembeni mwa kucha, kati ya vidole na kwenye kidole gumba chote. Akarudia hadi ikaisha. Kisha akafunga koki aliyoifungua kwa mkono mchafu, na bluu ikamrudia palepale! Mume wangu, aliyekuwa akisema nimezidisha, akachukua sabuni akaisugua koki mwenyewe. Tangu hapo anayenawa anaisabuni na koki, au mwenzake anammiminia maji kwa jagi.

Matapishi nayo usiyafagie wala kuyasugua yakiwa wazi, yanarusha chembechembe hewani. Vaa glovu, yafunike kwa karatasi zinazofyonza, yazoe taratibu, halafu mwagia dawa ya klorini na uiache ikae dakika kadhaa. Wengi humwaga na kufuta papo hapo, dawa haijafanya kazi. Na usiichanganye kamwe na siki wala sabuni ya kusafishia choo, inatoa gesi ya sumu. Mashuka usiyakung'ute, yafue kwa maji ya moto.

Dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 48 baada ya kuambukizwa. Muda huo ulipopita, aliyeongezeka ni shemeji yangu peke yake, ambaye usiku wa kwanza, kabla sijaamka, alikuwa ameyashambulia matapishi kwa ufagio mkavu. Watoto wangu wengine hawakuguswa, na ninajivunia hilo.

Shemeji alipopata nafuu alitaka kuingia jikoni siku hiyohiyo atusaidie kupika. Nikamkatalia. Mgonjwa huendelea kutoa virusi hata akijisikia mzima, mara nyingine kwa wiki mbili au zaidi, na asiguse chakula cha wengine hadi zipite angalau saa 48 tangu kutapika na kuharisha kukome. Alininunia, lakini jikoni hakuingia.