Mkono wa Mjomba

Mjomba alipiga simu kabla hapajapambazuka. Shikamoo yangu hakuipokea. "Njoo uwaone samaki wako," akasema, akakata. Hadi jana yake walikuwa samaki wake.

Ilikuwa mwaka 2019. Kule Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, alikuwa na matangi 12 ya vifaranga wa sato, akiwauzia wenye vizimba. Mimi nilikuwa nimemfungia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ya kuwasha pampu boya la tangi likishuka. Maboya 12, rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) za pampu 12, na kibodi ndogo inayokula nyaya 8: jumla 32. Kompyuta ile ina pini 40, lakini ukitoa za umeme, za ardhi na mbili zilizotengwa, unabakiwa na 26. Ndipo nikatafuta chipu ya MCP23017, inayokupa njia 16 zaidi huku yenyewe ikizungumza na kompyuta kwa nyaya mbili tu. Rilei zote nikazihamishia huko. Bodi iliyokwisha kuundwa ningeisubiri. Nikachomelea ya kwangu usiku mmoja, nikijiona fundi.

Nilikuta tangi la saba bado linafurika. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyasi, na yangeyange wanne walitembea humo taratibu, wakidonoa kama waalikwa harusini. Nikachomoa pampu. Programu ilikuwa imekufa saa nane usiku baada ya kuikosa chipu. Na chipu hiyo, kompyuta ikinyamaza, haizimi kitu; hushikilia amri ya mwisho iliyopewa. Amri ya mwisho kwa tangi la saba ilikuwa "washa".

Nikaitafuta kwa i2cdetect, programu inayoonyesha anwani, yaani namba, ya kila chipu iliyounganishwa. Anwani yake ilipaswa kuwa 20. Ikatokea 24. Nikarudia, 21. Mjomba akainama, akaweka mkono juu ya bodi. "Hii ndiyo iliyokula samaki?" Nikarudia tena: 20, bila wasiwasi. Akaondoa mkono: 24.

"Mjomba, rudisha mkono."

"Wa nini?"

"Rudisha tu."

20.

"Basi inamjua aliyeilipia," akasema, na hakuwa anacheka.

Nikageuza bodi. Chipu ina pini tatu za kuchagulia anwani, kuanzia 20 hadi 27, ili ukitaka uweke chipu nane kwenye nyaya zilezile mbili. 20 maana yake zote tatu ni sifuri, nami nikaona pini isiyo na waya ndiyo sifuri yenyewe. Wapi! Pini inayoning'inia huokota chochote kilicho jirani: waya wa pampu, kiganja cha mtu. Maelezo ya chipu yanasema wazi kwamba lazima ziunganishwe. Niliyasoma kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo.

Vipande vitatu vya waya kwenda ardhi, dakika kumi, kazi imekwisha. Jumamosi yake nikafunga na boya la juu katika kila tangi, linalokata umeme wa pampu bila kuiuliza kompyuta, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo.

Mjomba alinilipa, ila alikata thamani ya vifaranga waliokufa. Kwa bei aliyowapigia siku ile, wangekuwa sangara wa kilo ishirini.