Nilivyoandika Wasifu wa Baba Mkubwa, Fundi Mwashi wa Dodoma

Baba mkubwa alipofariki dunia, kikao cha ukoo kilichoketi nyumbani kwake Chang'ombe, jijini Dodoma, kilinipa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kabla ya maziko. Karatasi niliyokabidhiwa ilikuwa imekwisha kuanzwa na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa mtindo tuliouzoea sote: alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto, aliugua, akafariki. Sehemu ya kazi ilikuwa na sentensi moja tu, kwamba marehemu alifanya shughuli za ujenzi sehemu mbalimbali ndani na nje ya nchi. Kwa mtu aliyeshika mwiko kwa zaidi ya nusu karne niliona sentensi hiyo haimtendei haki, ingawa sikumlaumu kaka, kwa sababu fundi haachi nyuma faili kama mtumishi wa ofisini, na kilio hakimpi mtu nafasi ya kutafuta.

Nilianza na sanduku lake la bati. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo, kadi ya TANU na ile ya CCM, vyeti vya majaribio ya ufundi, kadi ya NPF, mfuko ambao baadaye ulikuja kuwa NSSF, pamoja na vipande vya stakabadhi za hawala za posta. Tarehe ya kuzaliwa haikuwamo popote. Hata hivyo shangazi alikumbuka kauli ya bibi kwamba baba mkubwa alikuwa mchanga wa kubebwa mgongoni wakati matrekta ya mradi wa karanga yalipoingia Kongwa. Mradi huo wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na ukaachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, kwa hiyo niliandika "mnamo mwaka 1947" na wazee wakaridhika. Hapo ndipo nilipopata njia ya kufanya kazi yote iliyobaki: badala ya kuwauliza watu ilikuwa mwaka gani, niliwauliza kulikuwa kunajengwa nini, kwa kuwa majengo, reli na mabwawa yana tarehe zake ambazo msiba hauwezi kuzichanganya.

Njia hiyo ilinisaidia zaidi katika safari zake za Zambia. Nyumbani ilisemwa siku zote kwamba alikwenda kujenga reli ya TAZARA, ile inayounganisha Tanzania na Zambia, mwaka 1968. Haiwezekani, maana ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1970. Nilipomuuliza mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi, alicheka, akasema kwamba safari ya kwanza haikuwa ya reli bali ya bomba la mafuta, yaani TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola na lililokamilika mwaka huo huo wa 1968. Wakati huo baba mkubwa hakuwa fundi bado, alikuwa kibarua wa kuchimba mtaro. Safari ya pili ndiyo ya reli, naye aliiendea akiwa tayari na cheti cha daraja la tatu. Familia ilikuwa imeziunganisha safari mbili kuwa moja, na kwa kufanya hivyo ikapoteza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake: kijana aliyetangulia kwa sururu alirudi njia ile ile akiwa na mwiko na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka.

Kulikuwa pia na habari kwamba alichimba mahandaki. Mahandaki mengi ya reli hiyo yako kati ya Mlimba na Makambako, inapopanda kutoka bonde la Kilombero, na kweli picha yake moja imeandikwa nyuma "Mlimba 1972". Lakini yule mzee alisisitiza kwamba wao walikuwa kikosi cha zege na mawe, wakijenga makalvati, yaani njia za kupitisha maji chini ya reli, na nyumba za wafanyakazi wa stesheni, na mahandaki waliyaona tu walipopita. Baadhi ya ndugu hawakupenda nilipoyaondoa. Mimi nadhani kalvati linalopitisha maji mpaka leo ni heshima ya kutosha. Nilibakiza maelezo aliyopenda kutupa tukiwa watoto, kwamba treni ya Dodoma haikuweza kupita kwenye reli ile kwa sababu njia yetu ya wakati huo ilikuwa na upana wa milimita 1,000 na ile ina 1,067, naye alikuwa akituonyesha tofauti hiyo kwa vidole vilivyobanwa pamoja.

Upande wa familia nilimtegemea mama mkubwa, ambaye hesabu yake ya miaka ni watoto. Huyu alizaliwa baba yake akiwa Mlimba. Huyu alipoanza kutambaa, hawala zilikuwa zikitoka Kapiri Mposhi, reli inapoishia huko Zambia. Nilizilinganisha kauli zake na stakabadhi za posta zilizosalia, nazo zikakubaliana karibu zote. Jambo lililokuwa gumu ni binti aliyezaliwa Zambia, ambaye wengine walitaka atajwe kando au asitajwe kabisa. Nililipeleka kwenye kikao, mama mkubwa akaelekeza kwamba watoto wote waorodheshwe kwa kufuata umri bila maelezo mengine, na hivyo ndivyo ilivyosomwa.

Miaka ya Dodoma haikunisumbua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa mwaka 1973, na mamlaka tuliyoizoea kwa jina la CDA ikaundwa kusimamia ujenzi wa mji, kwa hiyo aliporudi baada ya reli kukamilika alikuta kazi zipo. Alikwenda Mtera kwenye bwawa, akarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, saruji ilipoadimika, akaishi kwa kujengea watu nyumba za tofali za kuchoma. Kwa kipindi hiki niliwaendea waliokuwa saidia fundi wake. Ukimuuliza mmoja wao mzee alikuwa na tabia gani, atakuambia alikuwa mkarimu na mcheshi, maneno yanayosemwa katika kila msiba. Ukimwomba akuonyeshe ukuta waliojenga pamoja, atakueleza jinsi mzee alivyoamuru kozi tatu, yaani safu tatu za tofali, zibomolewe kwa sababu timazi ilikataa, na mwenye nyumba alipogoma kulipia siku hiyo, mzee akailipia mwenyewe.

Mchungaji alitupa dakika tano tu, kwa hiyo niliandika mara mbili: ukurasa mmoja wa kusomwa kanisani, ambao kaka aliusoma vizuri, na maelezo marefu niliyoyachapisha kwa ajili ya siku ya kuanua matanga, yakiwa na pambizo pana ili watu wasahihishe kwa kalamu. Walisahihisha kweli. Kurasa za mwisho sasa ni za mafundi aliowafundisha, kila mmoja akiwa ameandika kwa mkono wake mwaka alioanza kazi na nyumba ya kwanza aliyojenga naye.