Siku yangu pembeni ya kiti cha meno

Saa 12 asubuhi. Simu inalia, naamka kama niliyefumaniwa. Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda yenyewe nusu saa hivi ya kwanza baada ya mtu kuamka, kwa hiyo simlaumu yeyote.

Saa 2. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kwenye benchi wapo watatu, wote kimya. Mmoja anameza mate ambayo hayapo. Hiyo ndiyo dalili ninayoitazama kwanza. Mwili ukihisi hatari husimamisha shughuli za chakula, na mate yamo humo.

Saa 3.20. Kaka mmoja wa mabega mapana kaingia akitania. Daktari kushika tu sindano, mshipa wa shingo ukaanza kuruka. Amigdala, kijisehemu cha ubongo kinachofanana na lozi, ilishapiga mbiu kabla mwenyewe hajajiambia kwamba anaogopa, na tezi zilizokaa juu ya figo zikaitika kwa adrenalini, homoni inayoukimbiza moyo.

Alipokwisha kuchomwa akalalamika, "Dada, mbona moyo ndiyo umezidi?"

Alidhani ni woga mtupu. Lakini dawa yetu ya ganzi nayo ina adrenalini, sehemu 1 kwa 80,000, ya kubana mishipa ya damu ili ganzi isitoroke upesi. Tulimwongezea tone la kitu kilekile ambacho mwili wake ulishakimwaga! Nikamweleza, akacheka. Moyo haukucheka naye. Ulichukua dakika kadhaa kutulia.

Saa 5. Kuziba, kusafisha, kuziba.

Saa 6.40. Binti kakaa, hata hajaguswa. Uso umepauka, jasho limetokeza juu ya mdomo, anapiga miayo. Miayo ya namna hiyo naijua, huwa sisubiri. Huyu moyo wake haukimbii, umekanyagiwa breki: mapigo yanashuka, mishipa inalegea, damu inatuama miguuni na ubongo unapungukiwa. Nikalaza kiti, nikainua miguu ipite kichwa. Rangi ikarudi.

"Mmeshang'oa?" akauliza.

Mama yake akanong'ona kwamba anajifanya. Hapana mama, hilo halifanyiki kwa kutaka.

Saa 8. Trei imeniponyoka. Mabega yalishafika masikioni kabla sijajua kilichoanguka. Daktari naye aliruka, ingawa anakana.

Saa 9.30. Mzee wa mwisho kang'ang'ania mikono ya kiti. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alieleza jinsi hofu inavyouandaa mwili kupigana au kukimbia. Kitini kwetu hakuna hata kimoja kinachowezekana, labda ndiyo maana watu hukichukia hivyo. Sikumwambia asiogope, maneno hayo sijaona yakimsaidia mtu. Nilimhesabia: vuta pumzi hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Unapotoa pumzi, neva ya vagasi hupunguza mwendo wa moyo. Mara ya tano vidole vikalegea.

Saa 11. Navua glavu. Daktari ananiuliza, "Na lile gego lako lenye tundu?"

"Jumatatu," nikajibu, nikifuta viganja kwenye koti.