Siku mjomba alipokataa kuweka sehemu ya pili

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yangu, anaangalia filamu ya mwigizaji Kanumba. Sikumwekea mimi, aliitafuta mwenyewe YouTube. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia ule muziki wa mwisho, nikajua kitakachofuata: yale maandishi kwamba sehemu ya pili inaanza baada ya sekunde 5. Niliacha kisu kwenye beseni, nikatoka na mikono yenye maji, nikamchukulia simu, nikazima.

"Baba, mbona umezima? Haijaisha."

Ana miaka 7. Nilimwambia chakula kinakaribia kuiva, na viazi vilikuwa bado vibichi. Nimelala na swali lake siku tatu.

Mliokuwa mkija kwenye banda la filamu la mjomba pale Mwanjelwa, Mbeya, mnakumbuka lilivyokuwa: mabenchi yale ya mbao, bati lililotoboka upande wa mlango, televisheni juu ya meza na deki chini yake imefunikwa kitambaa cha kufuma cha shangazi. Watu waliliita banda umiza kama mengine yote, lakini mjomba alikuwa hataki kulisikia jina hilo. "Hapa ni ukumbi," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kila likizo kazi yangu ilikuwa kufagia, kukusanya viingilio na kuandika ubao wa nje kwa chaki.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2012 hatukuonyesha kitu. Mjomba ni Mmoravian wa kweli kweli, Ijumaa Kuu hagusi hata redio. Lakini jioni, baada ya ibada, alinituma nikaandike ubao wa kesho. Nikaandika kwa herufi kubwa: JUMAMOSI SAA 8 MCHANA. KANUMBA. SEHEMU YA 1 NA YA 2. KIINGILIO 200. Kisha nikachukua zile sidii mbili, nikazipangusa kwa kitambaa kikavu, nikazirudisha kwenye jalada lake.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili, nilikuwa nafagia mbele ya banda wakati redio ya kinyozi jirani ilipotangaza. Sikulisikia tangazo lenyewe. Nilichosikia ni mashine ya kunyolea ikizimwa. Kisha mteja akatoka nje, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado. Akasimama katikati ya njia kwenye tope, akamuuliza mama wa karanga, "Umesikia? Wanasema Kanumba amefariki." Mama wa karanga akasema, "Mwe! Kanumba yupi?" Yule bwana akashindwa kumjibu. Akabaki amesimama pale, manyunyu yakimdondokea upande ule ulionyolewa.

Habari zikaja vipande vipande, redio hii hivi, ujumbe wa simu ile vile. Usiku, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Ugomvi chumbani na binti aliyekuwa naye. Ameanguka. Ameshakufa, amepelekwa Muhimbili. Miaka 28. Kufikia saa nne asubuhi soko zima lilikuwa na hukumu yake, na kila mtu alikuwa shahidi, ingawa kutoka Mbeya hadi Sinza ni safari ya kutwa nzima kwa basi.

Nataka mwelewe alikuwa nani kwetu. Tulimjua tangu enzi za kundi la maigizo la Kaole, mwanzoni mwa miaka ya 2000, igizo likionyeshwa ITV. Kwetu hapakuwa na televisheni. Tulikuwa tunasimama nje ya dirisha la jirani, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua, hadi kioo kinapata ukungu kwa pumzi zetu, anayekuwa mbele anakipangusa kwa mkono wa sweta ili wa nyuma waone. Kijana mrefu kutoka Shinyanga, anaongea kama watu tunaowajua. Tukakua naye. Akatoka kwenye igizo akaingia kwenye filamu, akaanza kucheza na Wanigeria, sura yake ikawa kwenye kila jalada na kila ukuta kuanzia Kabwe hadi Mafiati.

Na maisha yake ya ndani nayo tuliyajua, au tulidhani tunayajua. Magazeti ya udaku yalitufikia yamechelewa, tukayasoma kwa kinyozi mpaka karatasi zinachanika: yuko na nani, ameachana na nani, amegombana na nani. Tulisoma kama tunavyofuatilia tamthilia. Mwaka 2009 alipoalikwa kwenye lile jumba la Big Brother Afrika Kusini, watu walimcheka Kiingereza chake nchi nzima, wakamcheka hadi bandani kwetu, watu ambao Kiingereza chenyewe hatukijui. Siku hiyo mjomba aliwarudishia vijana wawili hela zao akawaambia watoke. "Mtu ametoka na lugha yake akaenda kwa watu," alisema, "nyie mmefika wapi?"

Basi Jumamosi ile nilimuuliza mjomba kama nifute ubao. Alisimama akautazama kwa muda. Akasema niache maneno yote, nifute kiingilio tu.

Saa nane kasoro watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Sijawahi kuona banda lile vile. Walikuwepo wale vijana wetu wa kila siku, lakini safari hii walikuja na wamama wenye vikapu vya Pasaka, mchele, vitunguu, jogoo mmoja amefungwa miguu na kulazwa chini ya benchi. Kinyozi alikuja, na yule mteja wake alikuja, kichwa sasa kimemalizwa. Mama wa karanga aliacha meza yake bila mtu akakaa benchi la mbele, mikono imefumbata kitenge.

Nikaweka sidii ya kwanza. Hakuna aliyeongea. Mnajua bandani watu huongea na televisheni, wanamuonya muigizaji, wanamtukana mbaya, wanacheka kabla ya kichekesho. Siku ile kimya. Alipotokea kwa mara ya kwanza, anafungua mlango, anaingia sebuleni na kuvua viatu, jambo la kawaida tu, mama wa karanga alisema polepole, kama anamsalimia mtu aliyeingia kwake, "Huyo hapo."

Ilipofika kama katikati, umeme ukakatika.

Kwa kawaida hapo ndipo kelele zinapoanza, watu wanadai hela, mjomba anakimbilia jenereta. Mvua nayo ilikuwa imekolea juu ya bati, na ndani ni giza isipokuwa ule mwanga mwembamba wa tundu la mlangoni, unaoshuka na matone ya maji. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na deki, rimoti mkononi, nikiwasikia watu sitini au sabini wanapumua. Jogoo akafurukuta mara moja, akatulia. Nilikuwa nikingoja mjomba aniambie nikavute jenereta, na nilikuwa natamani asiniambie. Kuna mtu nyuma alianza kulia, mwanamume, kwa ile sauti ya mtu anayejizuia, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Sijui tulikaa hivyo dakika ngapi. Labda kumi, labda tatu.

Umeme uliporudi televisheni ikawaka bluu, na deki, kwa kuwa ilizimika ghafla, ikaanza upya. Muziki wa mwanzo. Majina. Mlango ukafunguka, akaingia sebuleni, akavua viatu.

Ilinipasa kuipeleka mbele hadi tulipoishia. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nilimtazama mjomba, akatikisa kichwa. Tukamwangalia tena tangu mwanzo, nusu saa ile ile tuliyokwisha kuiona, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Nikanyoosha mkono nichukue sidii ya pili. Mjomba akaweka kiganja chake juu ya jalada.

"Leo tunaishia hapa."

Kelele zikaanza sasa. Kijana mmoja wa stendi akasimama, akasema ubao umeandikwa sehemu zote mbili. Mwingine akasema, mzee, mtu amekufa, tuoneshe basi tumuage. Karibu wote tulikuwa tumeshaiona filamu ile, tulijua kwamba katika sehemu ya pili yule anayemuigiza anakufa. Mjomba hakujibu. Alikunja ule waya wa deki taratibu kuzunguka mkono wake, kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe. Mwishowe mama wa karanga akainuka, akachukua kikapu cha mwenzake akamkabidhi, akasema, "Twendeni, jamani. Kesho Pasaka."

Wakati wa kutoka nilisikia vijana wakimsema yule binti, maneno ambayo sitayaandika. Naye tulikuwa tumemuona akikua kwenye televisheni hiyo hiyo, tangu akiwa mtoto mdogo. Wengine wakisema ana miaka 17, wengine 18, na mimi mwenye miaka 17 nilikuwa nimesimama pale na rimoti, nikaitikia kwa kichwa kukubaliana nao. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Alfajiri yake tulikwenda makaburini na kanisa, kama kila Pasaka, tarumbeta zikilia gizani na ukungu umeufunika mlima Loleza wote. Jumanne, tarehe 10, akazikwa Kinondoni. Redio ikasema Leaders Club, alikoagwa, imefurika, watu wanazimia, Makamu wa Rais amefika. Kabla mwezi haujaisha kuna banda lingine, silitaji, lilikuwa linaonyesha sidii ya mazishi. Nililipa 200 nikaingia. Sikumwambia mjomba. Nilimuona mama yake mzazi akiwa ameshikiliwa huku na huku, na nyuma yangu mtu anakula muwa, na bado nilikaa hadi mwisho.

Hukumu ya yule binti ilipotoka Novemba 2017, miaka 2 kwa kuua bila kukusudia, nilikuwa kwenye basi tunapanda Kitonga. Dereva aliongeza sauti ya redio. Basi zima likagawanyika: wengine wakasema michache, wengine wakasema mingi kwa mtoto aliyekuwa anagombana na mtu mzima chumbani. Abiria wa kiti cha pembeni akaniuliza, "Kaka, wewe unaonaje?" Nikamwambia sijui. Ni kweli, sikujua, wala leo sijui. Ninachojua ni kwamba chumbani mle hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo, na tuliongea kama tulikata tiketi.

Banda halipo siku hizi. Pale ni duka la vifaa vya simu. Mjomba yuko Uyole, miguu inamsumbua, lakini sauti ni ile ile. Juzi usiku, baada ya binti kulala, nilimpigia. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua na za maparachichi, ndipo nikamuuliza. Miaka yote nilikuwa na jibu langu kichwani: kwamba mjomba hakutaka tumtazame mtu akifa siku aliyokufa. Nimelisimulia hivyo mara nyingi, hata kwa mke wangu wakati wa uchumba, na nilijivunia mjomba wangu kwa jambo hilo.

"Mjomba, ile siku ya Kanumba, kwa nini ulikataa sehemu ya pili?"

Alinyamaza kidogo. "Ile sidii?" akasema. "Si ilikuwa na mkwaruzo? Ingekwamakwama mbele za watu, siku kama ile. Ningeweka wapi uso wangu?"

Nikamwambia haikuwa na mkwaruzo, niliipangusa mwenyewe Ijumaa jioni.

"Basi utakuwa unakumbuka wewe," akasema. "Mimi nimezeeka, mwanangu." Kisha akaniuliza mtoto anaendeleaje na shule.

Nimejaribu kuirudisha Ijumaa ile. Naiona chaki, nauona ubao, nakiona kile kitambaa kikavu kikizunguka juu ya sidii, na taa ya kinyozi ikimeta juu yake. Moja naikumbuka wazi kabisa. Ya pili siioni.

Leo asubuhi, nikimfunga binti kamba za viatu vya shule, ameniuliza tena kuhusu ile filamu, kama yule kaka alipona. Nimemwambia Jumamosi tutaiangalia wote wawili, nitakuwa nimekaa hapo hapo.