Nishone kwa mwili upi?

Wateja wangu wengi hubana tumbo mara tu tepi inapogusa kiuno. Mimi ni fundi cherehani, na ombi moja nalisikia mno: "Fundi, punguza hapa, hadi siku ya sherehe nitakuwa nimepungua."

Anayesema hivyo mara nyingi ameshaanza kujinyima. Asubuhi hali, mchana anapitisha na maji. Akija kujaribu nguo, zipu ikagoma katikati ya mgongo, anavunjika moyo kabisa. Mmoja aliniambia akitoka hapo atakula chochote, "kama ni kunenepa si nimeshanenepa!"

Maneno hayo niliyaelewa niliposoma jaribio la wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack la mwaka 1975. Waliwapa wanawake kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawaacha waonje aiskrimu. Wasiojinyima chakula walikula kidogo kwa kuwa wameshiba. Waliozoea kujinyima walikula zaidi. Wakiona mwiko umeshavunjwa, basi tena.

Mwaka 2007 watafiti wengine, Claire Adams na Mark Leary, waliwapa wanawake donati. Baadhi yao wakaambiwa kwa upole wasijilaumu, kila mtu hula vitu hivyo. Kati ya waliokuwa wakijinyima sana, walioambiwa hivyo walikula peremende chache baadaye kuliko wasioambiwa. Maneno machache tu!

Ndiyo maana huniuma msindikizaji anapomwambia mwenzake "umejaa" palepale mbele ya kioo. Anadhani anamsaidia. Simaanishi kiuno hakina maana. Mafuta ya tumboni yanahusiana na kisukari na magonjwa ya moyo, na ushauri wa daktari ufuatwe. Lakini anayeuchukia mwili wake huulisha kama anauadhibu: leo njaa, kesho kuvimbiwa.

Siku hizi vipimo naviandika kimya, sivitaji kwa sauti. Nashona kwa mwili uliosimama mbele yangu, na ndani ya mshono naacha kitambaa cha akiba. Mteja mmoja alibisha sana, akakubali shingo upande. Nguo ilimkaa vizuri. Aliporudi kushonesha nyingine, alinisimulia kuwa sasa anakula asubuhi, mboga haziachi kwa sababu akizila tumbo halimsumbui, na jioni anatembea ili alale vizuri. Nilimpima upya. Kiuno kilikuwa karibu kilekile, naye hakuniomba nipunguze.